Tunafua Maji, Hatujatia Kalafati

(Maneno haya niliyasema ufuoni Shela, kisiwani Lamu, baada ya asubuhi ya kuokota taka. Nimeyaandika baadaye kutoka kwenye karatasi yangu. Nilipotoka nje ya karatasi, nimeandika kama nilivyokumbuka.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mzee mwenyekiti wa BMU yetu, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, mashekhe, kina mama ambao kama kawaida ndio mliojaza magunia mengi, walimu wenzangu, manahodha na mabaharia, wanafunzi, na wageni mliotoka mbali. Ahsanteni. Jua limepanda, mchanga umeanza kuchoma nyayo, na nanusa pilau nyuma ya hema lile. Najua nimesimama baina yenu na sinia, na mtu mwenye busara hasimami hapo muda mrefu. Lakini niliombwa niseme, nami nina jambo ambalo huenda likaharibu kidogo raha ya picha tulizopiga asubuhi.

Picha ni nzuri. Mimi mwenyewe nimo, nimeshika gunia ambalo ukweli lilikuwa na chupa tatu tu na kipande cha kamba, mgongo hauniruhusu zaidi. Picha zitazunguka kwenye simu, jamaa zetu walio Mombasa na Muscat wataziona, watatuombea dua. Sasa niwaulize mabaharia. Chombo kikivuja mkondoni, mnafanya nini?

(Mmoja akajibu: "Tunafua maji!")

Naam, mnafua. Mnafua kwa ndoo, kwa kopo, kwa chochote. Na mkifika pwani? Chombo hupandishwa, upenyo ukatafutwa baina ya mbao na mbao, fundi akachukua pamba na mafuta ya sifa, yaani ya papa, akatia kalafati. Sijapata kumsikia nahodha aliyefua maji miaka kumi mfululizo kisha akajisifu kwa ndoo yake. Sisi hapa ufuoni tunafua. Kila mwaka tunafua, tena kwa fulana mpya zenye maandishi mgongoni. Mbao hatujazigusa.

Langu ni hilo.

Nimewaomba vijana wamwage gunia moja hapa mbele, juu ya turubai. Sogeeni. Msizibe pua, si taka za jikoni hizi, bahari imeshaziosha. Tuangalie tu kilichomo, maana gunia likifungwa kamba na kupelekwa jaani tunakuwa tumetupa ushahidi pamoja na taka.

Hii hapa ndara. Wengine mnaita patipati, wengine champali, kila mtaa na jina lake. Ya mguu wa kushoto. Mwenziwe sijui yuko wapi, pengine Kiunga, pengine Kismayu, pengine tumboni mwa mawimbi bado. Ndara ndicho kiatu cha mtu asiye na pesa ya kiatu, na ndiyo maana imejaa kila ufuo wa Bahari ya Hindi. Kuna kisiwa kinaitwa Aldabra, cha Ushelisheli, kimejaa kobe wakubwa zaidi ya laki moja, na hakuna anayeishi pale isipokuwa watafiti na walinzi wachache. Hakuna duka, hakuna shule, hakuna harusi. Mwaka 2019 kikundi cha watu kumi na wawili kilikwenda kusafisha. Walifanya kazi wiki tano, wakaondoa tani 25 za taka. Walipokadiria kilichobaki, ikawa tani 500 hivi. Ndani yake, kwa makadirio yao, ndara 360,000. Kobe hawavai ndara, jamani.

Zimefikaje? Mkondo. Kuna mkondo mkubwa unaoanzia upande wa Indonesia, unavuka bahari yote kwenda magharibi, ukifika karibu na Bukini, yaani Madagaska, unagawanyika, na tawi moja linapanda pwani yetu kuelekea kaskazini. Wazee wetu waliijua mikondo na pepo hizi kabla ya wataalamu kuzichora. Kwa kaskazi walishuka, kwa kusi wakapanda. Leo zinasafirisha abiria wengine. Mtoto mmoja asubuhi aliniletea chupa ya dawa ya kufulia yenye maandishi ya Kiindonesia, akaniuliza ni lugha gani. Chupa imevuka bahari ambayo mimi, mtoto wa mvuvi, sijawahi kuivuka.

Kwa hiyo kuna watu hapa huniambia, Mwalimu, taka hizi si zetu, zinaletwa na kusi. Ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo inayotulaza usingizi. Tazameni tena turubai. Ile ni chupa ya maji inayouzwa duka la pale gatini. Ile ni kopo la maziwa ya mgando, tarehe ya mwisho ni ya mwezi uliopita. Haikutoka Jakarta hiyo. Imetoka hapa, ikatupwa kwenye mtaro, mvua ikaisukuma, maji ya kupwa yakaichukua, ya kujaa yakairudisha.

Kuhusu ndara, sisi Walamu tuna jambo la kujivunia na siwezi kupita bila kulitaja. Mwaka 2018 mafundi wetu, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, walishusha majini chombo kilichotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa. Flipflopi. Urefu wake mita tisa, kimemeza takriban tani kumi za plastiki, na kimevishwa ndara kama 30,000 za rangi zote, ukikitazama kwa mbali ni kama kitambaa cha viraka. Plastiki iliyeyushwa ikawa mbao, na mbao zikachongwa kwa tezo na msumeno kama mbao za mti. Mwanzoni mwa 2019 kilisafiri hadi Unguja, kilomita 500, kikisimama bandari kwa bandari. Nilikuwa na shaka. Nilisema mbele za watu kwamba hakitafika hata Malindi. Kilifika Unguja, na wanaonijua wamenikumbusha tangu siku hiyo.

Lakini nifanye hesabu ya darasa la nne. Chombo kimoja, tani kumi. Aldabra, tani mia tano. Tungehitaji vyombo hamsini kama kile kumaliza taka ya kisiwa kimoja kisicho na watu. Na mafundi wenyewe watakuambia, hawakukijenga ili kumaliza taka. Walikijenga ili watu waulize kwa nini kitu kinachoweza kuwa chombo cha kusafiria baharini kinatumika dakika tano kunywea maji, kisha kikatupwa. Swali hilo ndilo lililosafiri kwenda Unguja.

Turudi kwenye chupa, maana hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Wenye umri wangu mnakumbuka soda ya chupa ya kioo. Ulikuwa huondoki nayo dukani. Ukitaka kuondoka nayo, unaacha pesa ya chupa, au unaleta chupa tupu badala yake. Nyumbani chupa tupu zilikaa chini ya uvungu kama mali. Mtoto akiivunja alipigwa. Nani kati yenu aliyewahi kuokota chupa ya soda ya kioo ufuoni? Kama ilionekana, mtoto aliiwahi akaikimbiza dukani, akapata peremende. Hapakuwa na semina ya mazingira. Hapakuwa na fulana. Chupa ilikuwa na bei, basi ikarudi.

Kisha ikaja chupa ya plastiki, na bei ya chupa ikaondolewa. Mwenye kiwanda akapunguziwa kazi ya kukusanya, kuosha na kubeba. Kazi ile haikupotea. Imekuja kwenu, kina mama mlioinama asubuhi nzima. Mnaifanya bure, na anayewapa maji ya kunywa wakati wa kazi anawapa katika chupa ileile.

Serikali ikitaka inaweza. Mnakumbuka mifuko ya nailoni? Ilining'inia kwenye miiba, ilijaa mitaro, ilipeperuka juu ya mapaa kama kunguru. Agosti 2017 Kenya ikaipiga marufuku, kwa faini ya shilingi milioni mbili hadi nne au kifungo. Watu walilalamika. Mimi nililalamika, nikiuliza nitabebea nini samaki. Wiki mbili tu, kikapu cha ukili kikarudi mkononi kana kwamba hakijawahi kuondoka. Rwanda ilitutangulia kwa miaka mingi, tangu 2008, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Tangu Juni 2020 huruhusiwi hata kuingia na chupa ya plastiki ya kutumika mara moja katika hifadhi za taifa za Kenya, fukwe za hifadhi zikiwemo. Na tangu 2022 tuna sheria ya taka inayosema mwenye kutengeneza bidhaa awajibike nayo hadi mwisho wake, na kanuni zake zikatoka 2024. Imeandikwa vizuri. Nimeisoma. Sasa tunataka ishuke kutoka kwenye gazeti la serikali ije mpaka kwenye duka la pale gatini, kwa umbo ambalo mtoto ataelewa: rudisha chupa, chukua pesa yako. Amana. Kama zamani.

Kabla sijaondoka nchi kavu niseme neno kuhusu punda. Mmekuja kusikia habari za kasa, nami nawaambia punda, lakini Lamu huwezi kusema wanyama wa pwani ukamwacha punda. Ndiye lori letu, ndiye mkokoteni wetu. Punda wa mjini akifunguliwa jioni huenda jaani. Anakula maganda, anakula na mfuko uliobeba maganda. Plastiki haisagiki tumboni mwake. Inajikusanya ikawa donge, utumbo ukaziba, mnyama akagaagaa kwa maumivu. Waganga wa zahanati ya punda, ambayo imekuwapo hapa tangu miaka ya 1980, wanaijua kesi hiyo vizuri kuliko walivyopenda kuijua. Ng'ombe na mbuzi ni vivyo hivyo. Ukitaka kujua kinachomsibu kasa huko chini usikokuona, mtazame punda wako.

Kasa hali taka kwa upumbavu. Anapenda yavuyavu, yaani konyeza, na mfuko mwangavu unaoelea majini unafanana nalo. Na plastiki iliyokaa baharini huota kuvu na vijidudu, ikanuka kama chakula. Akishameza, mara nyingine gesi hujaa tumboni, akaelea kama boya. Hawezi kuzamia. Hawezi kula. Jua linamchoma gamba, na mashua zinamgonga. Kule Watamu, kwenye hospitali ya kasa ya Local Ocean Conservation, hupelekwa kasa wa namna hiyo, na huchukua wiki au miezi kumrudisha mmoja majini. Wapo wavuvi wa huko ambao kasa akinaswa wavuni hupiga simu badala ya kupiga kisu, na hulipwa kidogo kwa muda wao na wavu wao. Maelfu ya kasa wamerudi baharini kwa njia hiyo. Nasema hili kwa sababu hapa kwetu bado yapo majumba, na siyataji, ambako nyama ya kasa inaingia usiku.

Sasa naja kwenye kitu cha tatu kilichomo katika gunia, na hapa naomba manahodha mnisamehe, maana najisema mwenyewe kwanza.

Hiki ni kipande cha wavu. Jarife, uzi wa nailoni, macho mapana. Kule Aldabra walipopima walichookota, sehemu kubwa kwa uzito, zaidi ya asilimia 80, haikuwa ndara wala chupa. Ilikuwa zana za uvuvi: nyavu, kamba, vyelezo. Taka yetu sisi wenye kazi ya bahari.

Babu yangu alivua kwa kamba za makumbi, kwa nyavu za pamba, kwa madema ya kusuka. Dema likipotea mwambani, baada ya misimu michache limeoza, samaki wanatoka. Bahari ilisamehe. Ilipoingia nailoni tulishangilia, nami nisingemlaumu yeyote, wavu ulikuwa mwepesi na haukuoza. Hilo la kutokuoza ndilo hatukulifikiria mpaka mwisho.

Nilipokuwa kijana, kabla ya ualimu, nilivua na ami yangu upande wa nje wa Manda. Usiku mmoja wavu ulinasa mwambani na upepo wa matlai ulikuwa unachafuka. Ami akasema kata. Nikakata. Tuliacha kama pima kumi za wavu pale chini, tukarudi salama, na hakuna aliyetuuliza kitu. Ulikuwa uamuzi sahihi, roho ni roho. Lakini hatukurudi kuutafuta hali ilipotulia. Wavu ulikuwa mkuukuu, tukasema bahari imechukua chake.

Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wiki kadhaa baadaye, nilizamia karibu na pale kutafuta kambakoche. Nikauona. Vyelezo vyake vilikuwa bado vinauinua, umesimama wima kama ukuta, unavua peke yake. Chini yake palikuwa na mifupa ya samaki, na samaki wapya waliokuja kula wale wa zamani, nao wamenasa. Na kasa mmoja, ng'amba, mdogo, kama sinia hivi. Kasa hupumua hewa kama mimi na wewe. Alikuwa amejizungusha kwenye uzi mpaka kono lake la mbele limekatika hadi mfupa. Alikufa akiyaona maji ya juu.

Niliukata wavu ule nikaupandisha wote, nikaufukia. Sikumwambia ami. Sijawahi kukisimulia kisa hiki hadharani mpaka leo, nami nina miaka sitini na nne.

(Hapa nilinyamaza kidogo. Karatasi ilisema nisome takwimu. Sikuzisoma.)

Nikiwaambia haya wavuvi, wapo watakaosema, na meli kubwa je? Nao wana haki. Nje kule, meli za kuvua jodari hutupa mitego inayoelea: majukwaa yenye nyavu na kamba chini, na juu boya la setilaiti. Samaki hujikusanya kivulini, meli hufuata ishara, huzungusha wavu, na jodari wachanga huondoka pamoja na wakubwa. Mtego ukitoka nje ya eneo lao huachwa. Mkondo unauleta miambani, unajiburuta juu ya matumbawe. Kila meli ilikuwa imeruhusiwa kufuatilia hadi 300 kwa wakati mmoja. Februari 2023 tume ya jodari ya Bahari ya Hindi ilikutana hapohapo Mombasa, nchi za pwani zikapitisha kwa kura kwamba mitego ile ipunguzwe na ifungwe siku 72 kila mwaka. Umoja wa Ulaya, wenye sehemu kubwa ya meli hizo, ukaweka pingamizi, wengine wakafuata, na azimio likapoteza nguvu. Hao ndio wanaotufadhili semina za kulinda bahari. Wageni wetu kutoka huko mliopo hapa, karibuni sana, pilau ni yenu pia, lakini mkirudi kwenu waulizeni wabunge wenu habari ya siku zile 72.

Hata hivyo, kosa la mwenye meli halimfufui ng'amba wangu. Lile lilikuwa letu.

Kuna vitisho vingine nitavipita haraka, kwa kuwa kila kimoja kinahitaji siku yake. Joto: mwaka 1998 maji yalipashwa moto mpaka matumbawe ya pwani hii yakawa meupe, mengi yakafa, na tangu hapo hali hiyo imejirudia. Mchanga ukipata moto, mayai ya kasa huangua majike kupita kiasi, kwa kuwa joto la kiota ndilo linaloamua dume au jike. Bandari: gati ya kwanza ya LAPSSET, mradi wa bandari mpya ya Lamu, ilifunguliwa Mei 2021, lakini mkondo wa meli ulikwisha chimbwa zamani, na Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76. Sitaingia katika habari ya nani amepata na nani bado, sitaki tupigane kabla ya chakula. Makaa ya mawe: mliandamana, mlikwenda mbele ya baraza la rufaa la mazingira, na Juni 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa kilichopangwa hapa ikafutwa. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Walamu hawawezi kumzuia mkubwa.

Mikoko siipiti. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko hapa Lamu. Boriti zetu zilijenga majumba ya Uarabuni mpaka serikali ilipofunga biashara ya kuzipeleka nje mwaka 1982. Kamba, kaa, chewa, wote wanakulia humo. Mtazameni mchu, mmoja wa mikoko: mizizi yake inatoka matopeni imesimama kama penseli, na kwa mizizi hiyo ndiyo mti unavuta hewa. Plastiki zinapolala juu yake kama blanketi, mti unakosa pumzi. Wamelichunguza hilo pwani ya Java, wakaona miti iliyofunikwa kabisa mizizi inapukutika majani na mingine kufa. Kule ndiko kazi ya kuokota inaponifaa kuliko hapa ufuoni, ingawa hakuna anayepiga picha matopeni. Msimu ujao tuanzie huko, tafadhali, na hao wanaopenda fulana nyeupe wabaki nyumbani.

Mnasikia kwenye redio habari ya mkataba wa plastiki wa dunia. Ulizaliwa hapa nchini, Nairobi, Machi 2022, nchi 175 zikikubaliana kuandika mkataba wenye nguvu ya sheria. Walikutana mara nyingi. Busan mwishoni mwa 2024, hawakuafikiana. Geneva Agosti 2025, hawakuafikiana. Wanagombania nini? Zaidi ya nchi mia moja zinataka mkataba upunguze kutengenezwa kwa plastiki yenyewe. Nchi za mafuta zinataka mkataba uzungumzie taka tu: kukusanya, kuchakata, kusafisha. Plastiki inatokana na mafuta na gesi, kwa hiyo mnaelewa. Dunia inatengeneza zaidi ya tani milioni 400 kwa mwaka, na ni kama asilimia tisa tu inayochakatwa upya. Nchi za mafuta zinasema tufue maji, zile mia moja zinasema tutie kalafati. Mjadala uliovunjika Geneva ndio uleule nilioanza nao hapa.

Nimemaliza karibu. Nimezungumza na mwenyekiti jana usiku, akakubali nitangaze mambo mawili ambayo hayasubiri Geneva.

La kwanza ni la wenye maduka. Wanne wamekubali kujaribu amana ya chupa kuanzia mwezi ujao, shilingi tano juu ya kila chupa ya maji, zinarudi chupa ikirudi. Wamo watakaosema bei imepanda. Haijapanda, imewekwa rehani. Watoto, mmesikia? Shilingi tano. Nawajua nyinyi, kufikia Ijumaa ya kwanza hapatakuwa na chupa kutoka hapa mpaka ngomeni, na wenye maduka watakuja kunilalamikia.

La pili ni la wenye vyombo. Kuanzia Jumamosi, baada ya alasiri, BMU itakuwa na daftari na mizani pale pwani. Kila chombo kitaandikisha nyavu kilizonazo kwa pima. Wavu ukinasa, kata, roho ni roho, lakini ukifika uje useme umekatia wapi, bila faini na bila maswali, na hali ikitulia vijana wa kuzamia watakwenda kuupandisha. Wameshajiandikisha saba. Nyavu mbovu zilizo darini na uani zileteni pia, hata zile haramu, hata zile mnazozionea haya. Zitapimwa, zitaandikwa kilo tu, jina halitaandikwa. Mimi nitakuwa wa kwanza. Ninao mmoja wa ami yangu, Mungu amrehemu, uko juu ya dari miaka thelathini na umenishinda kuutupa.

Bismillah, sinia zianze na kina mama.